Mke na mume walimu: safari ya kutafuta darasa la Kiingereza ughaibuni

Mwalimu yeyote wa shule ya Serikali nchini Tanzania anaijua safari ya maombi ya uhamisho wa kumfuata mwenza. Zamani ilikuwa barua iliyoanzia kwa mkuu wa shule, ikapita halmashauri, ikasubiri ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, TAMISEMI. Siku hizi maombi yanapita kwenye mfumo wa kielektroniki, lakini kusubiri ni kule kule. Mke yuko Nachingwea, mume yuko Geita. Wanalipa kodi ya nyumba mbili, na kila likizo fedha inaishia kwenye nauli ya basi. Kenya nao wana kisa chao. Mwaka 2018 Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ilianza kuwahamishia walimu nje ya maeneo wanakotoka, na kilio kikubwa cha walimu na vyama vyao kilikuwa kwamba sera ile inavunja ndoa. Ilipita miaka kadhaa kabla walimu hawajaanza kurudishwa karibu na familia zao.

Ninaanzia nyumbani kwa makusudi. Wanandoa wengi walimu, wakichoshwa na maisha ya nyumba mbili, hugeuza macho nje: Korea, Japani, Thailand, Ghuba, Marekani. Kiingereza kinatafutwa, wao wanakifundisha, na wanaamini kwamba huko angalau watalala nyumba moja. Imani hiyo inahitaji kupimwa kabla ya kuuza kiwanja kwa ajili ya nauli. Mwajiri wa shule za umma, awe Dodoma, Nairobi, Seoul au Tokyo, huajiri mtu mmoja mmoja na kumpeleka penye upungufu. Ndoa haimo katika hesabu zake mpaka kanuni imlazimishe kuihesabu. Wanandoa wanaofanikiwa ni wale wanaoitafuta kanuni hiyo kwanza, wakaisoma mpaka mwisho, ndipo wakachagua nchi.

Kuna watakaosema shule binafsi ni njia fupi zaidi, na kwa upande mmoja ni kweli. Mwenye shule akiwapenda anaweza kuwaajiri wote wawili wiki hiyo hiyo na kuwapa chumba. Korea Kusini kuna vituo vya masomo ya ziada, wenyewe huviita hagwon, karibu kila mtaa, na vingi huajiri wanandoa bila shida. Lakini kituo kikifilisika, mke na mume wanapoteza kazi, nyumba na kibali cha kuishi nchini kwa pigo moja, kwa sababu vyote vitatu vilishikwa na mkono ule ule. China ilitoa funzo chungu Julai 2021, Serikali ilipozuia vituo vya masomo ya ziada kutengeneza faida kwa kufundisha masomo ya shule. Vituo vingi vilifungwa na walimu wageni wengi wakabaki mikono mitupu. Shule ya umma haifungwi kwa mtindo huo. Mshahara unatoka katika bajeti, likizo imeandikwa, bima ya afya ipo, na ukidhulumiwa kuna ofisi ya kwenda kugonga mlango.

Chukua Korea Kusini, nchi ambayo kanuni zake kuhusu wanandoa ziko wazi kuliko za wengi. Mpango wa kuajiri walimu wageni wa Kiingereza katika shule za umma, unaojulikana kwa kifupi cha EPIK, ulianza mwaka 1995 chini ya Wizara ya Elimu. Mkataba ni wa mwaka mmoja na unaweza kuongezwa. Kazi ni saa nane kwa siku na vipindi 22 kwa wiki; vikizidi hapo hulipwa nyongeza. Mwalimu mgeni huingia darasani pamoja na mwalimu Mkorea, wakifundisha kwa kushirikiana. Mwaka wa shule huanza Machi, muhula wa pili huanza mwishoni mwa Agosti, na walimu wapya hupokelewa kwa awamu hizo mbili. Anayetaka kuanza Machi hawezi kuamka Januari akaanza kukusanya vyeti. Muda wa maombi unakuwa umeshapita.

Masharti ni shahada ya kwanza, cheti cha kufundisha Kiingereza kwa wasiokizungumza kilichochukua saa 100 au zaidi, hati ya polisi ya kutokuwa na rekodi ya uhalifu, barua za watu wanaokufahamu kikazi na andalio la somo. Hilo la mwisho huwashinda vijana wengi wa Ulaya na Marekani wanaoomba wakiwa wametoka chuoni juzi na hawajawahi kusimama mbele ya darasa. Mwalimu aliyezoea kuandaa azimio la kazi na andalio la somo kila wiki, kisha akaingia katika darasa la wanafunzi 90, ana umahiri ambao wasaili wanauona mara moja.

Kwa ofisi za elimu za Korea ndoa ni cheti. Wachumba waliokaa pamoja miaka saba na kuzaa watoto wawili wanahesabiwa kuwa waombaji wawili wasiohusiana. Wanaweza kuandika ombi la kupangwa karibu, lakini hilo linabaki kuwa ombi. Wanaweza kujikuta katika mkoa mmoja na bado wakatenganishwa na safari ya saa kadhaa za basi. Wenye cheti cha ndoa hupangwa chini ya ofisi moja ya elimu na kupewa nyumba moja. Jambo hili linatugusa sana sisi, kwa kuwa kwetu ndoa nyingi zimefungwa kimila au kidini na hati rasmi haijawahi kuchukuliwa. Tanzania Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya kimila na ya kidini, na Kenya sheria ya mwaka 2014 imeweka utaratibu wa kuziandikisha. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya safari ya Seoul au ya nchi nyingine yoyote iko kwenye ofisi ya msajili wa ndoa. Jina lililo kwenye cheti cha ndoa lifanane herufi kwa herufi na lililo kwenye pasipoti na kwenye shahada. "Mwanaisha" wa cheti kimoja na "Mwanaesha" wa kingine ni watu wawili mbele ya ofisa wa uhamiaji, na kurekebisha kosa hilo kunaweza kula muhula mzima.

Usaili ni wa kila mtu peke yake. Mke hawezi kumsemea mume, na alama za mmoja hazimwinui mwingine. Hapa ndipo mipango mingi inapovunjika. Faili moja linakuwa zito: shahada ya ualimu, uzoefu wa miaka minane, barua nzuri. La pili linakuwa jepesi, kwa sababu mwenye nalo alisomea uhasibu na ameamua kuomba ualimu ili amfuate mwenzake. Wanandoa wenye busara hutumia mwaka mzima kulijenga faili jepesi kabla ya kutuma lolote: anachukua cheti cha kufundisha Kiingereza, anajitolea shuleni, anatafuta barua ya mkuu wa shule aliyemwona akifundisha. Nguvu za wanandoa hupimwa kwa faili lililo dhaifu.

Na mmoja akikosa? Swali hili lijibiwe mezani nyumbani, kabla ya usaili, kila mtu akiwa ametulia. Korea inamruhusu mwenza kuja kama mtegemezi kwa viza ya F-3, lakini viza hiyo haimpi haki ya kufanya kazi mpaka aombe na kupata kibali. Mwalimu aliyezoea kuamka saa kumi na moja na kusimamia zamu, akikaa ndani mwaka mzima katika mji ambao hajui lugha yake, anaumia. Nimesikia ndoa zikitikiswa na ukimya huo kuliko zilivyowahi kutikiswa na umbali wa Nachingwea na Geita. Liko pia suala la usalama: viza ya mtegemezi inaning'inia kwenye kazi ya mwenzake. Mwenye mkataba akiachishwa kazi au akifariki, mwenza hana tena msingi wa kuwapo nchini. Ndiyo maana ninasisitiza mikataba miwili na viza mbili zinazosimama zenyewe. Mmoja akiyumba, mwingine bado ana mahali pa kukanyaga.

Nyumba ya mwalimu wa EPIK hulipiwa na ofisi. Kwa mwalimu mmoja mara nyingi huwa chumba kimoja chenye jiko na bafu. Asiyeitaka hupewa posho, ambayo kwa miaka mingi imekuwa won 400,000 kwa mwezi. Wanandoa waulize mapema: tukikaa nyumba moja, stahiki ya nyumba ya pili inakwenda wapi? Ofisi hazifanani katika hili, na jibu linafaa kuwa katika maandishi. Wanaopenda kupanga wenyewe wajue kwamba wenye nyumba wa Korea hudai amana kubwa kabla ya kukabidhi ufunguo, inayofika mamilioni ya won, na mgeni aliyeshuka juzi hana fedha hiyo. Kwa mwaka wa kwanza pokeeni nyumba ya ofisi hata kama ni ndogo. Mishahara miwili isiyotoboka kwa kodi ya nyumba, pamoja na kiinua mgongo ambacho sheria ya Korea inampa mfanyakazi aliyetimiza mwaka, inawawezesha wanandoa kuishi kwa mshahara mmoja na kuuweka wa pili. Sijui njia ya halali iliyo nzuri zaidi kwa walimu wawili kujenga nyumba yao ndani ya miaka mitatu.

Kuhusu mahali pa kuomba, wengi hukimbilia Seoul kwa sababu ndiyo wanaifahamu. Mji mkuu umepunguza walimu wageni katika shule zake za sekondari tangu miaka ya mwanzo ya 2010, na ushindani umeongezeka. Ningewashauri wanandoa waangalie miji mikubwa mingine kama Busan, Daegu au Incheon. Katika mji wenye treni za chini ya ardhi, hata mke akipangwa mashariki na mume magharibi, jioni wanakutana nyumbani. Katika mikoa ya milima kama Gangwon, shule mbili za ofisi moja zinaweza kuwa na milima kati yake. Vijijini kuna jambo jingine. Watoto wanapungua Korea kwa kasi inayotisha. Mwaka 2023 kiwango cha uzazi kilishuka hadi 0.72 kwa mwanamke. Shule za vijijini zimebaki na wanafunzi wachache mno, kwa hiyo mwalimu mgeni mmoja hugawiwa shule mbili au tatu, leo hapa, kesho kule. Wenye moyo wa kijiji watapendwa huko, na watoto hao wachache watawajua kwa majina mpaka baba na mama zao. Ila mwenye ndoto ya kufundisha shule moja na mwenzake aisahau kabisa.

Japani ni habari fupi zaidi, ingawa mpango wake ni mkongwe. JET ulianza mwaka 1987 na washiriki 848 kutoka nchi nne tu, na leo una maelfu kutoka nchi nyingi. Anayeajiri hasa ni serikali ya mtaa au bodi ya elimu ya mji. Wanandoa wanaweza kuomba wote wawili, na waratibu hujitahidi kuwapanga karibu, lakini mji mdogo wa Japani mara nyingi una nafasi moja ya mwalimu msaidizi wa lugha, na hauwezi kuzalisha ya pili kwa sababu mmeoana. Wengine hupangwa miji inayopakana. Mwenza asiyepata nafasi anaweza kuja kama mtegemezi, na akiomba ruhusa anaweza kufanya kazi hadi saa 28 kwa wiki, ambalo ni jambo la kushukuru likilinganishwa na Korea. Maombi hufanyika kupitia ubalozi wa Japani kuanzia vuli, usaili huwa mwanzoni mwa mwaka, na safari ni kati ya Julai na Agosti. Orodha ya nchi zinazoalikwa hupangwa na Serikali ya Japani, kwa hiyo jibu la kuaminika linatoka ubalozini. Wapo pia mawakala wanaowakodisha walimu kwa shule za Japani. Huko mshahara huwa mdogo na nauli mara nyingi ni juu yako.

Sasa niseme linaloniuma. Viza ya Korea ya kufundisha Kiingereza, E-2, kwa kawaida inatolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Barani Afrika ni Afrika Kusini peke yake. Mkenya aliyefundishwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, akafanya mitihani yote kwa Kiingereza, akasomea ualimu wa Kiingereza chuo kikuu na kukifundisha miaka kumi, hana sifa. Kijana wa Ohio aliyesomea masoko na kumaliza kozi ya saa 100 anazo. Mganda, Mtanzania, Mnaijeria, wote wako nje ya lango. Sifa inayopimwa hapo ni jalada la pasipoti, na hilo ni kosa. Linawanyima watoto wa Korea walimu waliosomea kazi yao, na linawafundisha watoto hao kwamba Kiingereza ni mali ya watu wa sura fulani.

Wapo wasomaji wetu wa Minneapolis, Leicester na Toronto ambao tayari wana uraia wa huko na wanadhani lango limefunguka. Wasome masharti hadi mwisho. EPIK inataka mwombaji awe amesoma kwa Kiingereza katika nchi hizo tangu darasa la saba na kuishi huko miaka isiyopungua kumi. Aliyehamia Marekani akiwa na miaka 25 na kupata uraia akiwa na 35 anakwama, wakati mtoto wake aliyeanza shule huko anapita. JET haina sharti hilo la darasa la saba. Wanandoa wa aina hii, mmoja aliyekulia Kanada na mwingine aliyehamia ukubwani, wana nafasi nzuri zaidi Japani kuliko Korea, na ni vizuri walijue kabla hawajalipia kozi.

Kwa wenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda milango iko kwingine. Hong Kong imekuwa na mpango wake wa walimu wa Kiingereza tangu mwaka 1998 kwa sekondari na 2002 kwa shule za msingi. Kanuni yake inamkubali mtu mwenye umahiri wa lugha unaolingana na wa aliyezaliwa nayo, bila kuanza na uraia. Inataka walimu waliosomea: shahada, mafunzo ya ualimu, na cheti cha kufundisha Kiingereza kama lugha ya pili. Mkataba umekuwa wa miaka miwili, wenye kiinua mgongo mwishoni, na stahiki zake zimewahi kugusa hadi nauli ya mwenza na watoto. Nafasi ni chache na wanaoziwania ni wengi, lakini mwalimu wetu anahukumiwa kwa kazi yake. Naiheshimu kanuni ya namna hiyo.

Thailand inaajiri Waafrika wengi zaidi, Wakenya wakiwamo. Asiyetoka nchi ambazo Kiingereza ni lugha ya kuzaliwa huombwa shahada na alama za mtihani wa Kiingereza, kwa kawaida TOEIC 600 au zaidi, kisha viza ya aina ya B na kibali cha kazi. Mwaka wa shule huanza katikati ya Mei. Wanandoa wanaweza kuajiriwa katika shule moja, maana wakuu wa shule wana uhuru mkubwa. Kasoro ni mshahara. Matangazo huandika waziwazi kiwango kimoja kwa "wazawa wa lugha" na kingine cha chini kwa wengine, kwa kazi ile ile na vipindi vile vile. Mikataba mingi ya mawakala pia ni ya miezi kumi au kumi na moja, hivyo Machi na Aprili mnaweza kuwa na tumbo bila mshahara. Wanandoa wapige hesabu kwa miezi kumi, wasiipige kwa kumi na miwili.

Marekani ina njia ya viza ya J-1 kwa walimu: shahada ya ualimu au ya somo unalofundisha, uzoefu wa miaka miwili, na mkataba na shule kwa hadi miaka mitatu ambayo inaweza kuongezwa. Uzuri wake kwa wanandoa uko kwenye viza ya mwenza, J-2, kwa sababu mwenza anaweza kuomba kibali cha kufanya kazi yoyote halali. Ila huko wilaya za shule hazina njaa ya walimu wa Kiingereza kama zilivyo na njaa ya walimu wa hisabati, sayansi na elimu maalumu. Basi mke akiwa wa Kiingereza na mume wa fizikia, mume atangulize faili.

Na jirani zetu? Shelisheli imekuwa ikiwachukua walimu wa Kenya katika shule zake za Serikali. Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundishia kwa Kiingereza, na mwaka 2019 ikakipeleka hadi madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi. Uhitaji wa walimu ukawa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2022 iliwapokea walimu 154 kutoka Zimbabwe kwa makubaliano ya serikali mbili. Zimbabwe haimo hata katika Jumuiya ya Afrika Mashariki! Sisi tulio ndani tuna Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, na kifungu chake cha 10 kinasema kitu ambacho hukikuti Seoul wala Tokyo: mfanyakazi ana haki ya kuandamana na mwenza na mtoto, na mwenza huyo naye ana haki ya kuajiriwa. Kwa wanandoa walimu hii ni kanuni bora kuliko zote nilizozitaja. Imekaa kwenye karatasi kwa zaidi ya miaka kumi huku shule za umma za nchi wanachama zikiendelea kuwatanguliza raia wao na vyeti vya ualimu vya nchi moja vikizungushwa katika nchi nyingine.

Nirudi kwa mawakala niliowataja, nitoe tahadhari. Mwaka 2022 Serikali ya Kenya ililazimika kuwaokoa raia wake waliokuwa wameahidiwa kazi nzuri Thailand, wakavushwa hadi Myanmar na kufungiwa katika vituo vya utapeli wa mtandaoni. Wakala wa kweli ameandikishwa: Kenya iko Mamlaka ya Taifa ya Ajira, Tanzania iko Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA, na majina yanaweza kuulizwa huko. Shule ya umma ina jina, anwani na mkuu wa shule anayepokea simu. Mkiambiwa mmoja atangulie na mwenzake atafuata "viza ikikamilika", takeni mkataba wa yule wa pili uliosainiwa kabla wa kwanza hajapanda ndege. Pasipoti asipewe mtu yeyote kuitunza.

Limebaki la watoto, ambalo katika mazungumzo ya kazi za nje huachwa mwisho na huwa zito kuliko yote. Mipango mingi ya shule za umma imejengwa kwa kijana asiye na familia. Nyumba ni chumba kimoja, na shule za mtaani zinafundisha kwa Kikorea au Kijapani. Wanandoa wengi wa kwetu huamua kuwaacha watoto kwa bibi. Sitawahukumu. Ninachoomba ni kwamba uamuzi huo uwe na muda uliotajwa, mwaka mmoja au miwili, na bibi aulizwe, asiarifiwe. Mtoto mdogo, aliye chini ya umri wa kuanza shule, huzoea haraka na anaweza kwenda na wazazi wakishapata nyumba ya kutosha. Aliye darasa la sita na mtihani mbele yake anahitaji mzazi mmoja karibu. Zipo familia ambazo jibu sahihi kwao ni kutokwenda mwaka huu.

Serikali nazo zina sehemu yao. India ilipata upenyo mdogo katika shule za Korea kwa walimu wake wa Kiingereza wenye leseni kupitia mkataba wa kiuchumi ulioanza kutumika Januari 2010. Walimu wa India wanapita kwa sababu maofisa wao wa biashara waliwakumbuka walipokaa mezani. Mwaka 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alipokuwa Seoul, Tanzania na Korea zilitangaza kuanza mazungumzo ya mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi. Magari, madini na samaki watazungumzwa, hilo halina shaka. Wizara ya Elimu na Wizara ya Mambo ya Nje ziwapeleke walimu wetu kwenye meza hiyo, ziombe wapimwe kwa leseni na umahiri wao, na katika mkataba huo na mingine yote ya ajira za walimu ziandike kifungu kinachomtaja mwenza kwa haki yake ya kuishi na kufanya kazi.